Kifungu cha Tisa

Waraka wa kutaka kila mahakama ya wilaya iandae Mpango wa Dharura na Mwendelezo wa Kazi ulifika Nolbunia mwezi wa Falgun, ukakaa juu ya meza ya Gofran, mkuu wa makarani, mpaka mwezi uliofuata, ukiwa umewekewa kikombe cha chai juu yake. Gofran hakuwa mvivu, msimsingizie. Alikuwa na njia yake ya kufanya kazi, nayo ilikuwa moja tu: kumtafuta mtu aliyekwisha kuifanya kazi hiyohiyo, kuichukua alivyoifanya, kisha kubadilisha jina la mahali. Kwa njia hiyo alikuwa ameandika ripoti ishirini na mbili bila kuumwa kichwa hata mara moja.

Safari hii alipata mpango wa mahakama moja ya mashariki, huko vilimani, ambako watu wanaogopa tetemeko la ardhi. Akampa mpiga chapa. Mpiga chapa akafuta jina la wilaya ile na kuweka Nolbunia katika sehemu kumi na saba kati ya ishirini. Ndiyo maana Mpango wa Nolbunia unawaonya watumishi wajihadhari na maporomoko ya vilima, ilhali Nolbunia nzima kilima kirefu kuliko vyote ni lundo la majani ya mpunga nyuma ya soko. Kinachoogopwa Nolbunia ni mto. Jamuna hula ardhi huku, huitapika kule, na kati ya kula na kutapika ndipo mahakama ya Nolbunia inapopatia kesi zake.

Kifungu cha tisa cha Mpango kilisema hivi: "Kwa kuwa ghorofa za juu ndizo huporomoka na kufukia vilivyomo, kumbukumbu zote zitashushwa sakafu ya chini, karibu na mlango wa kutokea."

Monowara Khatun alikisoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sari yake, akakisoma mara ya tatu. Kilikuwa kilekile.

Monowara alikuwa mtunza kumbukumbu wa mahakama hiyo kwa miaka ishirini na tisa. Masjala yake ilikuwa juu ghorofani: majalada elfu sita mia mbili na kumi na nane, yamefungwa mabunda mabunda kwa vitambaa vyekundu. Zaidi ya nusu yalikuwa ya visiwa vya mchanga vya mtoni, nani alikuwa na shamba kabla mto haujalimeza, na nani mwenyewe sasa kwa kuwa limeibuka upya. Katika kesi hizo shamba lilikwenda na maji, jirani aliyelijua amekufa, na mti wa mpaka hata mizizi yake haijulikani iliko. Kilichobaki duniani cha kuonyesha kwamba mtu fulani aliwahi kuwa na ardhi ni karatasi iliyomo ndani ya bunda jekundu. Karatasi hiyo ikilowa, mtu huyo hakuwahi kuwa na kitu.

Katika miaka yote hiyo Monowara hakupoteza jalada hata moja. Sheria yake ilikuwa fupi. Jalada halitoki bila amri ya maandishi, na likitoka linaandikwa kitabuni: siku, namba, na limetoka kwa mamlaka ya nani. Jaji mmoja aliwahi kuja mwenyewe kuomba jalada kwa mdomo. Monowara alimkaribisha, akamwagizia chai, na jaji akasimama pale mlangoni na chai yake mpaka karatasi ikaja.

Basi alishuka kwa Gofran.

"Kaka Gofran, kifungu cha tisa umekisoma?"

"Nimekiandika mimi."

"Sijauliza nani kakiandika. Umekisoma?"

Gofran alikoroga chai muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji. "Dada Monowara, Mpango umepitishwa na kamati ya watu watano, mwenyekiti wake Jaji wa Wilaya. Sasa unataka nikawaambie nini? Kwamba wametia saini kitu wasichokisoma?"

"Waambie mto uko hatua mia nne kutoka mlangoni."

"Mto wanaujua, dada. Samaki wake wanakula kila siku."

Majalada yakashushwa. Ilikuwa mwezi wa Boishakh, jua likiwaka mpaka kunguru wamekaa kimya, na vibarua arobaini walifanya kazi hiyo siku kumi na moja. Monowara alisimama kwenye ngazi na kitabu chake, akayaandika yote. Mwisho ikapigwa picha, Gofran mbele na mabunda nyuma yake, ikapelekwa mji mkuu kama ushahidi kwamba Nolbunia iko tayari kwa lolote.

Monowara aliandika barua ya pingamizi, ukurasa mmoja, mwandiko wake ule uliosimama wima. Barua ilipanda meza tano kwa siku ishirini na nne, na kila meza iliongeza neno "Imeonekana" na saini. Meza ya mwisho iliongeza: "Ijadiliwe kikao kijacho cha kamati." Kikao kijacho hakikupangiwa tarehe. Akarudi kwenye kiti chake kipya cha sakafu ya chini, na tangu siku hiyo akawa anausikia mto hata wakati haupigi kelele. Alikuwa na hofu, na hakuificha. Mumewe alishafariki, watoto hakujaliwa, na kustaafu kulibaki mwaka mmoja na miezi miwili. Alichokuwa nacho maishani ni pensheni ambayo bado hajaishika na jina ambalo halijawahi kuwa na doa.

Mwezi wa Ashar ukaingia na mvua zake. Jumatano moja kabla ya adhuhuri habari zikaja kwamba tuta la kuzuia mto limepasuka huko juu, na maji yataingia Nolbunia Alhamisi jioni. Ijumaa na Jumamosi, siku za mapumziko, ofisi zimefungwa. Muuza mbolea jirani na mahakama alikwisha kuanza kupandisha magunia yake darini, na yeye hakuwa na mpango wowote wa dharura.

"Kaka Gofran, niandikie amri niyapandishe."

"Amri ya kuhamisha masjala ni ya kamati," alisema Gofran. Safari hii hakuwa akikoroga chai, na uso wake ulikuwa umepauka. "Mwenyekiti yuko Makka, anahiji. Wa pili amehamishwa na wa badala yake hajaripoti. Wa tatu yuko Dhaka, mama yake anapasuliwa. Wa nne anaozesha binti. Wa tano ni mimi."

"Basi wewe."

"Akidi ni watu watatu, dada. Mimi hata nikivimba vipi ni mmoja."

"Na tukiyapandisha hivihivi?"

"Kuhamisha kumbukumbu za mahakama bila amri? Hilo lina kifungu chake, na kifungu hicho sikukinakili popote. Unafukuzwa, na pensheni inakwenda na wewe. Kibarua gani atagusa bunda hapo?"

Hakimu pekee aliyekuwa amebaki jengoni siku hiyo alikuwa Sharmistha Kundu, hakimu msaidizi mwenye miezi minane kazini, msichana mwembamba ambaye bado aliomba radhi kabla ya kutoa hukumu. Monowara alimkuta ofisini kwake akila bisi za mchele kutoka kwenye karatasi, akamweleza yote akiwa amesimama.

"Nikuandikie mimi hiyo amri?" aliuliza Sharmistha.

"Mheshimiwa huna mamlaka hayo. Ukiandika, nitalazimika kuikataa."

"Sawa. Niambie basi, mama. Jalada moja likitoka, hutokaje?"

"Kesi inapangiwa siku. Mahakama inaniletea orodha, nami ninatoa majalada asubuhi yapelekwe chumba cha mahakama."

"Chumba changu kiko ghorofani."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na orodha huwa ya kesi ngapi?"

"Thelathini. Siku za sikukuu zikikaribia, hamsini."

"Kuna kanuni inayosema zisizidi ngapi?"

Monowara alifikiri. Kanuni za mahakama alizijua kama mtu anavyoijua njia ya kwao, na sasa alizipita zote, moja baada ya nyingine, akitafuta mahali palipokatazwa. "Hakuna," alisema. "Waliozitunga hawakudhani mtu angekuwa na wazimu wa kiasi hicho."

Sharmistha akakunja karatasi ya bisi. "Andika. Kesi zote zilizomo masjalani, kuanzia namba ya kwanza hadi ya mwisho, kesho saa tatu asubuhi, mbele yangu."

"Nyingi si zako, Mheshimiwa. Ni za mahakama nyingine. Kupanga kesi isiyo yako ni kosa."

"Najua. Swali hilo lilinitoa jasho kwenye mtihani." Akachukua kalamu. "Radhi, mama, nisukumie huo muhuri."

Lakini orodha isiyotangazwa si orodha, na Monowara hakuwa tayari kuvunja kanuni mbili kwa siku moja. Akamwita yule mwenye riksho yenye kipaza sauti, mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kutangaza misiba, mbuzi waliopotea na daktari wa meno. Mtangazaji aliisoma karatasi, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Mama, hapa pameandikwa kesi zote."

"Soma kama palivyoandikwa."

Mchana kutwa mji ulisikia: "Tangazo! Tangazo! Kesho saa tatu, mahakama ya Nolbunia, kesi zote! Narudia, kesi zote! Mdai aje, mdaiwa aje, aliyekufa alete mrithi!"

Monowara alitegemea watu mia, labda mia mbili, na kusema kweli hakuwataka hata hao. Alichotaka ni vibarua wenye kipande cha karatasi cha kuwakinga. Vibarua hawakuja hata mmoja, kila mtu alikuwa akiokoa kuku wake. Waliokuja ni wadaawa. Walikuja kwa mashua, kwa miguu juu ya tuta, kwa baiskeli zenye bibi nyuma. Walikuja watu ambao kesi zao hazikuitwa tangu Monowara hajaota mvi. Mtu ambaye amengoja miaka kumi na tisa kuitwa, akisikia anaitwa, mafuriko hayamzuii. Atayaambia nayo yasubiri. Saa tatu ilipogonga uwanja ulikuwa umejaa watu elfu moja na zaidi, wadai na wadaiwa wamechanganyika, wengine hawajasalimiana tangu vita vya mipaka vya babu zao, na wote wanatazama maji ya kahawia yaliyokuwa yamefika kwenye lango.

Monowara alipanda juu ya kiti.

"Sikilizeni! Majalada yenu yako chini hapa, na mahakama iko juu. Maji yanaingia jioni. Vibarua sina."

Mzee mmoja mwenye ndevu zilizopakwa hina, Torab Ali, alipaza sauti: "Tubebe wenyewe!"

"Mdaawa haruhusiwi kugusa jalada," alisema Monowara. Ilimtoka yenyewe, kama mtu anavyoitikia salamu.

Watu waliokwisha kusogea wakarudi nyuma. Maji yakawa yanasikika langoni. Hakuna siku Monowara aliichukia sauti yake mwenyewe kama siku hiyo. Alitazama mabunda kupitia mlangoni, safu kwa safu, na ile ya chini kabisa ilikuwa kiganja kimoja tu juu ya sakafu. Kisha akasema, polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma sheria ambayo anaitunga papo hapo: "Jalada halitawekwa chini. Halitafunguliwa. Halitakaa mikononi mwa mtu kwa zaidi ya pumzi moja. Litapita tu. Mkono hadi mkono. Jalada linalopita halijaguswa na mtu."

Hakukuwa na kanuni ya namna hiyo popote. Watu walipanga mstari kutoka mlango wa masjala, wakazunguka ukumbi, wakapanda ngazi, mpaka chumba cha Sharmistha. Kwa kuwa walijipanga haraka na bila kuchagua, Torab Ali alijikuta bega kwa bega na Lal Mia, mtu waliyeshitakiana naye miaka thelathini na mmoja juu ya shamba lililomezwa na mto mwaka wa pili wa kesi.

"Shika vizuri, wewe," alisema Torab. "Ardhi umeiba, jalada usiibe."

"Ardhi iko chini ya mto, mzee. Nikuibie nini, kambare?"

"Ikiibuka utaikimbilia."

"Ikiibuka nitakuita, tuitazame pamoja kabla haijazama tena. Haya, pokea, pumzi moja imekwisha!"

"Na hili ni lenu au letu?"

"Yote mekundu. Pitisha!"

Nyuma yao bibi mmoja alikuwa akilibusu kila bunda linalomfikia, maana hakujua lipi ni la kwake na hakutaka kulikosa. Wakili mmoja aliyevaa koti jeusi juu ya shuka ya lungi iliyokunjwa mpaka magotini aliuliza kwa sauti kama mahakama inatambua kwamba mteja wake hakupewa notisi ya siku saba. Mtu akampa bunda. Akalipitisha, na kuanzia hapo hakuuliza tena.

Saa tisa alasiri maji yakavuka kizingiti. Saa kumi bunda la mwisho lilipanda, likiwa limelowa kitambaa tu upande wa chini. Monowara alibaki peke yake kati ya rafu tupu, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, akalia. Alilia vizuri, kwa sauti, kama mtu aliyefiwa. Kisha akafunga mlango kwa ufunguo, kwa sababu saa za kazi zilikuwa zimekwisha, akapanda ngazi.

Juu, Sharmistha alikuwa ameketi mahali pake. Hakuonekana vizuri kwa sababu ya mabunda. Kesi zilikuwa zimepangwa, basi ilibidi ziitwe. Mwita majina aliita kwa makundi ya mia, na kila mia walijibu "Nipo!" kwa pamoja, mpaka vioo vikatikisika.

"Radhi," alisema hakimu. "Mashauri yote yameahirishwa kwa sababu ya mafuriko, mpaka tarehe itakayotajwa na mahakama husika."

Torab Ali alimgeukia Lal Mia. "Miaka thelathini na mmoja," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza tunaahirishiwa kwa sababu."

Maji yalikaa siku tisa. Ndani ya masjala yalifika kifuani kwa mtu mzima. Jalada hata moja halikupotea, na Monowara aliyahesabu mara mbili. Kilichoangamia ni kabati la Gofran la sakafu ya chini, pamoja na Mpango wenyewe, ambao ulitolewa ukiwa uji. Nakala yake ilikuwa salama mji mkuu.

Kikabaki kitabu. Monowara alikuwa ameandika siku na namba, lakini safu ya tatu, kwa mamlaka ya nani, ilikuwa wazi. Akiandika jina la hakimu, msichana wa watu amekwisha: amepanga kesi elfu tano zisizo zake, na majalada yakapita mikononi mwa wadaawa. Akiandika jina lake mwenyewe, amejimaliza. Alikaa na kalamu mpaka Gofran akaja, akamwinamia begani.

"Dada, unahangaika nini? Andika 'kwa mujibu wa Mpango wa Dharura'. Mpango upo. Dharura ilikuwepo. Nani atauliza?"

Heri nusu shari kuliko shari kamili, alijiambia Monowara. Akaandika. Lilikuwa neno la kwanza la uongo katika kitabu hicho kwa miaka ishirini na tisa, na mwandiko wake ulisimama wima kama siku zote.

Gofran alikosea jambo moja. Kuna aliyeuliza. Miezi mitatu baadaye ulikuja ujumbe wa wakaguzi kutoka mji mkuu, maana mahakama nyingine za mtoni zilikuwa zimepoteza majalada kwa maelfu na Nolbunia hata moja. Walitaka kujua siri. Walikifungua kitabu, wakasoma safu ya tatu, wakatazamana, wakaupiga picha ule ukurasa. Walipotaka kujua zaidi, Gofran aliwaeleza kwa saa mbili. Monowara aliulizwa kama ana la kuongeza. Alimtazama Sharmistha aliyekuwa amesimama karibu na dirisha, rangi imemtoka, akasema hana.

Gofran akapata cheti. Monowara naye akapata chake, kimetiwa kioo. Sharmistha akahamishiwa kusini kwa uhamisho wa kawaida, na siku ya kuondoka alimwinamia Monowara akagusa miguu yake kama binti anavyomfanyia mama. Mambo yakatulia. Monowara alianza kuzoea kupita mbele ya cheti bila kukitazama.

Mwaka uliofuata, mwishoni mwa mwezi wa Joishtho, wakati mawingu yanaanza kujikusanya na yeye amebakiza siku hamsini na moja kustaafu, waraka mpya ukapita mezani kwake kwa ajili ya kuhifadhiwa. Wilaya zote kumi na nne za mtoni ziliamriwa kufuata Mpango wa Nolbunia, ambao ulikuwa umethibitishwa na mafuriko yenyewe. Utekelezaji ukamilike kabla ya mvua. Kifungu cha tisa kilikuwa kimewekewa mstari chini, kwa kuwa ndicho, waraka ulisema, kilichoelekea kuleta mafanikio.

Monowara aliuchukua mpaka kwa Gofran, akauweka mbele yake.

"Wanashusha," alisema. "Wilaya kumi na nne."

Gofran alisoma. Alisoma kweli, safari hii. Alipomaliza hakumtazama usoni. "Dada, umebakiza siku hamsini. Ukisema ulidanganya kitabu, hawatakuacha. Mto si lazima upande kila mwaka."

"Wewe ungeweka kitanda chako pale chini?"

"Mimi ninakwambia umeze tu."

"Nimemeza mwaka mzima, kaka."

Alirudi masjalani, ghorofani, maana Nolbunia yenyewe ilikuwa imeyaacha majalada juu na hakuna mkaguzi aliyegundua. Akafunga mlango, akapiga simu Bhatirchor, wilaya ya kwanza upande wa chini wa mto. Mtunza kumbukumbu wa huko alikuwa Nirmal Babu. Hawakuwahi kuonana, lakini walikuwa wameandikiana barua za kikazi kwa miaka ishirini, na kila mmoja aliujua mwandiko wa mwenzake kuliko sura za ndugu zake.

"Dada Monowara!" Sauti ilikuwa ya furaha. "Leo jua limetoka wapi? Nilitaka nikuandikie. Jana tumemaliza."

"Mmemaliza nini?"

"Kushusha. Majalada elfu tisa. Mgongo sina, lakini yote yako chini, karibu na mlango, kama yenu." Akacheka. "Nikwambie kweli, waraka ulipokuja sikuuamini. Nikasema hawa wamelewa, maji yako pale nami nishushe karatasi? Nikagoma wiki nzima. Kisha nikaona kiambatisho. Ukurasa wa kitabu chako. Nikasema hapana, hili likiwa na mwandiko wa dada Monowara, mimi nani niubishie."

Nje mvua ilikuwa imeanza, matone makubwa yaliyoachana. Monowara aliketi.

"Nirmal Babu, niliandika uongo."

Kicheko kikaisha upande wa pili wa simu.

"Rudia, dada."

"Ukurasa ule ni uongo. Mpango haukuokoa kitu, Mpango ndio uliotuweka chini. Tulipandisha kwa mikono ya watu, bila amri, maji yakiwa miguuni. Pandisha majalada yako. Anza leo."

Alimsikia Nirmal akivuta droo, kisha karatasi zikifunuliwa.

"Nitapandisha," alisema mwishowe. "Lakini kitabu unakijua. Safu ya tatu niandike nini? Kwa mamlaka ya nani?"

"Andika jina langu."

"Dada, umebakiza muda gani?"

"Siku hamsini na moja."

"Nikiandika halifutiki. Wakaguzi watakuja moja kwa moja kwako. Tunaweza kutafuta..."

"Usitafute. Jina la hakimu yeyote usiliulize, halimo. Andika: kwa maelekezo ya Monowara Khatun, mtunza kumbukumbu, Nolbunia. Una kalamu?"

"Ninayo."

"Andika na namba yangu ya kazi."

Akaisoma tarakimu moja moja, na Nirmal Babu akazirudia moja moja nyuma yake, bila haraka, kama watu wawili wa masjala wanavyohakikisha kitu. Walipomaliza alimwomba amsomee mstari wote tangu mwanzo. Ulikuwa sahihi. Monowara akaaga, akakata simu, akatafuta namba ya wilaya ya pili. Zilikuwa zimebaki kumi na tatu.